Kishale cha upepo na msimbo wa Gray: kigeuzi kinakaa wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi umeme hapa Moshi, nyumbani ni Kibosho. Kwa mradi wangu wa mwisho natengeneza kishale cha upepo cha kuweka shambani kwa baba mdogo, analima kahawa. Chini ya kishale kuna sahani yenye pete nne za rangi nyeusi na nyeupe, na sensa nne za mwanga zinasoma namba 0 hadi 15 kwa binari. Kinafanya kazi, ila kikikaribia kusini kinaruka: mara kinaonyesha magharibi, mara kaskazini, halafu kinarudi. Niliambiwa dawa ni kugeuza binari kuwa msimbo wa Gray, ule ambao kila hatua hubadilika biti (tarakimu ya 0 au 1) moja tu, nikaweka IC ya 74HC86, yenye mageti ya XOR, baada ya sensa. Nikizungusha na kusimama, jedwali la Gray linatoka sawasawa, lakini kuruka kuko palepale. Je, IC ni mbovu? Na naomba unieleze kwa nini ni XOR, maana nimekariri tu."

Marahaba, binti yangu. IC yako ni nzima, usiitupe. Waya nazo ziko sawa, kwa sababu kama jedwali linatoka vizuri kila kishale kinaposimama, mageti yanafanya kazi yake yote. Kilichokosewa ni mahali. Wewe umegeuza namba baada ya kuisoma, na kosa lako linazaliwa wakati wa kuisoma.

Tuanze na huko kusini. Kama sahani yako imechorwa jinsi wengi wanavyoichora, 0 inaanzia kwenye mstari wa kaskazini na kila nafasi ina nyuzi 22.5, basi 8 inaanzia kwenye nyuzi 180 kamili. Saba ni 0111, nane ni 1000. Maana yake kwenye mstari ule mmoja pete zote nne zinabadili rangi kwa pamoja. Kwenye karatasi ni mstari tu. Kwenye sahani halisi, sensa nne hazijawahi kukaa kwenye mstari mmoja hata ukizipanga kwa rula: moja imesogea kidogo, nyingine taa yake ina mwanga mkali zaidi, mahali pengine rangi imevuja. Kila sensa inaona mpaka kwa wakati wake. Katika ufa huo mwembamba unaweza kusoma namba yoyote kati ya 0 na 15. Magharibi uliyoiona ni 1100, yaani pete ya ndani kabisa na zile mbili za nje zilikwisha kubadilika, ya pili kutoka ndani ilikuwa bado. Kaskazini ni 0000: tatu zimeshazima na ya ndani haijawaka.

Na kwenu Kibosho ufa huo una kazi nyingi kuliko ungekuwa kwingine. Mko mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Mchana jua likipasha mlima, mara nyingi hewa hupanda kutoka tambarare, yaani upepo unatoka kusini; usiku hewa baridi hushuka kutoka mlimani, yaani unatoka kaskazini. Kishale chako basi kinashinda kikitetemeka kwenye mpaka wa 7 na 8, na kinalala kikitetemeka kwenye mpaka wa 15 na 0, ambako 1111 inageuka 0000. Hiyo ndiyo mipaka miwili ambayo biti zote nne hubadilika kwa mpigo. Ungekipeleka mahali ambapo upepo hauishi kwenye mistari hiyo, huenda usingegundua tatizo hadi siku ya kukabidhi mradi.

Sasa IC yako inaona nini? Sensa zikisema 1100 kwa makosa, inatoa 1010, ambayo ni Gray halali kabisa ya 12. Zikisema 0000, inatoa 0000. Kigeuzi hakina namna ya kujua kwamba namba iliyoletwa ni ya uongo; kinaitafsiri kwa uaminifu wote. Msimbo wa Gray hausahihishi makosa. Kazi yake ni kuzuia kosa lisitokee pale ambapo kitu kinachotembea kinasomwa na kitu kisichojua kitabadilika lini. Kwa hiyo Gray inatakiwa iwe kwenye sahani yenyewe, kwa rangi, kabla ya sensa. Baada ya sensa unaweka kigeuzi cha kurudi: Gray kwenda binari.

Frank Gray mwenyewe alianzia hapohapo. Alikuwa mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, akaomba hataza mwaka 1947, ikatolewa 1953. Shida yake ilikuwa kugeuza sauti ya simu kuwa namba, kwa kutumia mwale wa elektroni uliopiga sahani yenye matundu ndani ya bomba la utupu. Mwale ukiangukia katikati ya mistari miwili ya matundu, namba ilitoka ovyo, kama kishale chako. Hakuongeza saketi ya kusahihisha; alibadilisha matundu ya sahani.

Haya, XOR. Hili ndilo swali lako zuri zaidi, na vitabu vingi hulipita kwa jedwali tu.

XOR ni geti la ubishi: hutoa 1 maingizo yake mawili yakitofautiana, hutoa 0 yakifanana. Kugeuza binari kuwa Gray ni kuuliza kila biti swali moja: je, unatofautiana na jirani yako wa kushoto? Biti ya kushoto kabisa haina jirani, kwa hiyo inashuka ilivyo (au sema jirani yake ni 0, ni kitu kilekile). Chukua 13, yaani 1101. Ya kwanza inashuka: 1. Ya pili na ya kwanza, 1 na 1, hazibishani: 0. Ya tatu na ya pili, 0 na 1: 1. Ya nne na ya tatu, 1 na 0: 1. Gray ya 13 ni 1011. Kwenye programu, ambako alama ^ ni XOR na >> 1 ni kusogeza biti hatua moja kulia, yote hayo ni mstari mmoja: g = b ^ (b >> 1).

Lakini kwa nini ubishi wa majirani uzae msimbo unaobadilika biti moja tu kwa kila hatua? Tazama kinachotokea unapoongeza moja kwenye namba ya binari. Zile 1 zote zilizopangana mkiani hugeuka 0, na 0 ya kwanza iliyo kushoto kwao hugeuka 1. Basi. Biti za kushoto zaidi haziguswi. Kutoka 11 kwenda 12, yaani 1011 kuwa 1100, biti tatu za kulia zimegeuka zote na ya kushoto kabisa imetulia.

Sasa fikiria majirani wawili, mmoja Simba na mwingine Yanga. Wakihama wote siku moja, kila mmoja akaenda upande wa mwenzake, ubishi uko palepale. Wakiwa wote Simba wakahamia Yanga pamoja, amani yao nayo iko palepale. Hali hubadilika pale tu mmoja anapohama na jirani akabaki. Ndani ya lile kundi la biti zilizogeuka, kila biti imehama pamoja na jirani yake, kwa hiyo XOR zao hazibadiliki. Mpaka uko mmoja tu: kati ya biti ya mwisho iliyohama na ya kwanza iliyobaki. Hapo XOR moja inageuka, na ni hiyo moja tu. Gray ya 11 ni 1110, ya 12 ni 1010. Hata kutoka 15 kurudi 0 kanuni inasimama: wote wanne wamehama, isipokuwa yule jirani wa kufikirika aliye 0 daima, kwa hiyo inageuka biti ya kushoto kabisa peke yake, 1000 kuwa 0000. Ukielewa aya hii huna haja ya kukariri jedwali tena.

Jedwali lenyewe, kuanzia 0 hadi 15, ni hili: 0000, 0001, 0011, 0010, 0110, 0111, 0101, 0100, 1100, 1101, 1111, 1110, 1010, 1011, 1001, 1000. Nane za mwisho ni nane za kwanza zilizosomwa kinyumenyume, na 1 imewekwa mbele badala ya 0. Ndiyo maana Gray aliuita msimbo wa binari uliorudishwa kama kwenye kioo.

Kwenye sahani usichore kutoka kwenye jedwali, utachanganyikiwa. Chora kwa nyuzi. Kuanzia mstari wa sifuri, ukizunguka upande wa saa, weka nyeusi (iwe ndiyo 1) hivi. Pete ya ndani kabisa: kutoka 180 hadi 360. Ya pili: kutoka 90 hadi 270. Ya tatu: kutoka 45 hadi 135, na kutoka 225 hadi 315. Ya nje: 22.5 hadi 67.5, 112.5 hadi 157.5, 202.5 hadi 247.5, na 292.5 hadi 337.5. Umeona faida ya pembeni? Pete ya nje ya binari ilikuwa na vipande vinane vyeusi vya nyuzi 22.5. Ya Gray ina vinne vya nyuzi 45. Kipande chembamba kuliko vyote kimekuwa kipana mara mbili, na mkono wa mchoraji unapumua.

Ukimaliza, funga sahani ikiwa imezungushwa nyuzi 11.25 kinyume cha saa, ili kaskazini iangukie katikati ya nafasi ya 0 na kusini katikati ya 8. Hiyo haihusiani na Gray, ni busara ya kawaida: usiweke mpaka pale upepo unapopenda kukaa.

Kurudi kwenye binari ni XOR tena, ila mpangilio si uleule, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wakati wa kwenda, kila biti iliuliza jirani wa binari ambaye tayari yupo. Wakati wa kurudi, jirani wa binari bado hajulikani, unamjenga kuanzia kushoto. Ya kushoto kabisa inashuka ilivyo. Ya pili ya binari ni ya pili ya Gray XOR ya kwanza ya binari uliyoipata. Ya tatu ya Gray XOR ya pili ya binari. Hivyo hivyo hadi mwisho. Ni mnyororo.

Ukiwa na 74HC86 mkononi, yenye mageti manne, unatumia matatu. Waya wa pete ya ndani uende pini ya 1, na huohuo ndio biti yako kubwa ya binari. Pete ya pili, pini ya 2. Pini ya 3 inakupa biti ya pili. Itoe pia uipeleke pini ya 4. Pete ya tatu, pini ya 5. Pini ya 6 ni biti ya tatu, nayo iende pini ya 9. Pete ya nje, pini ya 10. Pini ya 8 ni biti ndogo kabisa. Pini 12 na 13 zifunge kwenye waya wa chini (ground) pamoja na pini 7, usiziache zikielea, na 14 iende volti 5. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini 14 na 7. Dukani wakikupa CD4070 wakisema ni ileile, kazi ni ileile kweli lakini miguu sivyo: matokeo yake yako 3, 4, 10 na 11.

Kuna jambo moja kuhusu sensa ambalo hukuuliza. Kishale kikienda polepole, volti ya sensa nayo hupanda polepole, na mageti ya familia ya HC hayapendi ingizo linalojivuta. Geti hutetemeka lenyewe katikati. Pitisha waya za sensa kwenye 74HC14 kwanza. Ina mageti sita yenye kizingiti cha kupanda tofauti na cha kushuka, kwa hiyo hutoa ukingo mkali. Ila inapindua: 1 inatoka 0. Ukiisahau hiyo, kishale kikiwa kaskazini utasoma 10 badala ya 0, kwa sababu 0000 iliyopinduliwa ni 1111, na 1111 kwa Gray ni kumi. Ukiona 10 kaskazini, usiguse waya hata mmoja. Badilisha nyeusi kuwa nyeupe kwenye sahani. Na funika sahani nzima kwenye kopo lisilopitisha mwanga, la sivyo jua la Moshi litazisomea sensa zako namba zake.

Jaribio ni rahisi. Weka taa nne za LED kwenye waya za Gray, kabla ya 74HC86, uzungushe kishale kwa mkono taratibu mzunguko mzima. Kila hatua taa moja tu ibadilike. Zikibadilika mbili mahali popote, kuna kipande kimechorwa vibaya au sensa imekaa pete isiyo yake.

Ukitaka baadaye kuingiza data kwenye Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), usiingize matokeo ya 74HC86. Ingiza waya za Gray zenyewe, ugeuze ndani kwa programu: b = g ^ (g >> 1), kisha b = b ^ (b >> 2). Kwa biti nne zinatosha hatua hizo mbili. Sababu ni ileile tuliyoanza nayo. Kwenye mnyororo wa mageti, pete ya ndani ikibadilika, biti kubwa inageuka papo hapo, ya pili inachelewa geti moja, ya tatu mawili, ya nne matatu. Ni nanosekunde tu, na jicho linalotazama taa haliwezi kuziona, lakini kifaa kinachosoma kwa wakati wake kinaweza kuangukia katikati yake. Utakuwa umeua ufa kwenye sahani ukauzaa upya kwenye IC. Kwa maonyesho ya mradi, hata hivyo, ningeiacha IC na taa zake zibaki, wakaguzi hupenda kuona geti likifanya kazi.

Hapohapo ndipo penye jibu la mtu atakayekuambia kwamba ndani ya chipu kubwa wahandisi hugeuza binari kwenda Gray kwa XOR baada ya kaunta, na hakuna sahani yoyote. Ni kweli. Sehemu mbili za chipu zikiendeshwa na mapigo ya saa mawili tofauti, na upande mmoja unataka kujua kaunta ya mwenzake imefika wapi, kaunta hiyo hugeuzwa Gray kabla ya kuvuka. Msomaji yuko ng'ambo, kwa hiyo kigeuzi kiko kabla ya msomaji. Lakini hawavushi matokeo ya XOR moja kwa moja. Biti za kaunta hazifiki kwenye mageti kwa wakati mmoja kabisa, kwa hiyo XOR zinaweza kuruka kidogo kabla ya kutulia. Kwanza hushikwa kwenye flip-flopu (saketi ndogo inayoshika biti moja hadi pigo la saa) za upande wao, zikishatulia, ndipo zinavuka, na ng'ambo zinapokelewa na flip-flopu mbili mfululizo. Mhandisi anayeruka hatua ile ya kwanza amefanya kosa la kwako, ila lake halionekani kwa macho na linaweza kumtesa miezi.

Usitarajie Gray itulize upepo. Kishale kikitetemeka mpakani, utasoma 8, 9, 8, 9, na hiyo ni kweli tupu, ndivyo kishale kilivyo. Utatamani kuchukua wastani. Angalia hapo: usiku upepo wa mlimani utakupa 15, 1, 15, 1, na wastani wake wa kawaida ni 8, yaani kusini! Usijumlishe namba za nafasi. Geuza kila nafasi kuwa pembe, jumlisha sini zake peke yake na kosini zake peke yake, kisha tafuta pembe kutoka kwenye jumla hizo mbili.

Na kama baba mdogo ataridhika ukataka kuongeza usahihi, watu wa hali ya hewa kwenye viwanja vya ndege huripoti mwelekeo wa upepo kwa makumi ya nyuzi, yaani nafasi 36. Hiyo inataka pete sita, zenye nafasi 64, na huwezi kuchukua 36 za mwanzo tu, kwa sababu ya mwisho na ya kwanza zitatofautiana zaidi ya biti moja. Kata sawasawa pande zote mbili: ondoa 14 mwanzoni na 14 mwishoni, utumie Gray ya 14 hadi ya 49. Ya 14 ni 001001, ya 49 ni 101001, biti moja tu, mduara umefunga. Kwenye programu ukishageuza kuwa binari, toa 14. Mbinu hii inakubali idadi yoyote iliyo shufwa. Idadi witiri haiwezekani kwa mbinu yoyote ile: kila hatua inabadilisha biti moja, kwa hiyo hesabu ya 1 kwenye msimbo inapokezana shufwa na witiri, na baada ya hatua witiri huwezi kuwa umerudi ulikoanzia.